Mkutano huenda ukaahirishwa: "may be put off", "may be postponed" au "they may put it off"?

Chukua sentensi inayosikika kila wiki ofisini: Mkutano huenda ukaahirishwa. Ukitaka kuisema kwa Kiingereza una njia nne mbele yako, na hakuna hata moja iliyo kosa:

"The meeting may be put off."
"The meeting may be postponed."
"They may put off the meeting."
"The meeting may get put off."

Wanafunzi wengi huuliza ipi iliyo sahihi zaidi. Kisarufi zimelingana. Zinatofautiana katika uzito wa maneno, katika kumtaja au kumficha mtenda, na katika kile kisaidizi kinachosimama mbele, kwa sababu may, must na should kila kimoja kina ahadi yake au tishio lake. Njia ya kwanza, yaani kisaidizi, kisha be, kisha kitenzi cha maneno mawili ambacho darasani huitwa "phrasal verb", ndiyo inayotuangusha zaidi sisi tuliokulia katika Kiswahili. Ndiyo pia Waingereza na Wamarekani wanayoitumia kutwa nzima, kwenye vituo vya treni, hospitalini na kwenye barua pepe. Tuanze na hiyo, halafu tuipime na zile nyingine.

Kwetu neno moja, kwao vipande vinne

Litazame kwa karibu neno utaahirishwa. Ile u- ya mwanzo ni mkutano. Inafuata -ta-, wakati ujao. Kisha -ahirish-, tendo lenyewe. Halafu -w-, inayotuambia kwamba mkutano hautendi bali unatendwa. Vyote vimeshonwa pamoja, na ni vigumu kusahau kimoja kwa sababu neno zima lingeharibika mdomoni.

Kiingereza kimevitawanya: "will be put off". Will ndiyo -ta- yetu. Be, ikishirikiana na umbo la tatu la kitenzi, lile la safu ya mwisho tulilokariri shuleni katika go, went, gone, ndiyo -w- yetu. Mzizi -ahirish- nao umepasuliwa mara mbili, put huku na off kule. Vipande vilivyotawanyika huanguka njiani, na kila kimoja kikianguka kinaacha kosa la namna yake.

Ikianguka be, unapata "The meeting will put off", na sasa mkutano wenyewe ndio unaoahirisha kitu. Kosa hili hujificha kwa sababu put haibadiliki: put, put, put. Set, cut na shut ni hivyo hivyo. Kitenzi kikiwa cha kubadilika, kama katika "Shoes must taken off", sikio hushtuka mapema zaidi.

Likianguka umbo la tatu, unapata "Forms must be hand in" au "The old tyres should be throw away". Baada ya be hapa hukaa umbo la tatu tu: handed, thrown, taken, brought, held, laid, paid. Na baada ya kisaidizi hukaa be tu. Is, was na been hazina nafasi hapo. Been hungoja mpaka have itangulie: "must be filled in", lakini "must have been filled in".

Kinachoanguka mara nyingi kuliko vyote ni kile kineno cha mwisho, kama off, in au with. "Your problem will be dealt." Mwandishi ameshaweka will, ameweka be, ameweka umbo la tatu, anadhani amemaliza. Kosa hili lina chanzo chake katika Kiswahili chenyewe.

Kineno cha mwisho na -i- yetu

Katika Kiswahili tunasema mtu anashughulika na jambo. Tukitaka jambo hilo liwe mtendwa, hatusemi jambo litashughulikwa. Tunaongeza -i-: anashughulikia jambo, jambo litashughulikiwa. Hiyo -i- ndogo ndiyo kazi inayofanywa na with katika "will be dealt with". Ukiiacha with, Mwingereza anasikia kama wewe unavyosikia litashughulikwa.

Ukishaona hivyo, vitenzi vingi hufunguka. Kulalamikia ni "complain about", kwa hiyo analalamikiwa ni "he is complained about". Kulala hakuna mtendwa, lakini kulalia anaye, na kitanda ambacho hakijalaliwa ni "a bed that has not been slept in". Kiti kisichoweza kukaliwa ni "a chair that can't be sat on". Vineno about, in na on vimekaa mwishoni kwa sababu kile kilichokuwa nyuma yao kimehamia mbele ya sentensi. Havina kitu cha kushika, lakini havina ruhusa ya kuondoka.

Hatari kubwa iko pale Kiswahili kisipohitaji -i-. Tunasema alichekwa, moja kwa moja, na kwa hiyo kalamu inaandika "he was laughed", wakati Kiingereza kinadai "he was laughed at". Tunasema asikilizwe, kalamu inaandika "she must be listened", nayo inatakiwa "she must be listened to". Fomu ijazwe inageuka "the form must be filled", ambayo Afrika Mashariki imezoeleka hata kwenye matangazo ya ofisi. Mtu wa London au Chicago ataielewa, lakini kwake kinachojazwa hivyo ni chupa au ndoo. Fomu ni "filled in" kwa Waingereza na "filled out" kwa Wamarekani. "Filled up" ni tangi la mafuta.

Kuna ndugu wa kosa hilo anayesafiri sana katika Kiingereza chetu: "You will be picked at the airport." Tunda huchumwa, mchezaji huchaguliwa, na kwa yote mawili picked peke yake inatosha. Abiria ni "picked up". Kadhalika "Lights must be put off" inaeleweka Nairobi na Dar es Salaam, ila kwa msomaji wa nje andika "switched off" au "turned off", kwa sababu kwake "put off" ni kuahirisha kwanza.

Walimu wengine waliwahi kufundisha kwamba sentensi ya Kiingereza isiishie na vineno vya aina hii. Wazo hilo ni la zamani. Mshairi wa Kiingereza John Dryden alimkosoa Ben Jonson, mwandishi wa tamthilia aliyemtangulia, kwa jambo hilo mwaka 1672. Usilifuate hapa. "This must be looked into" haina njia nyingine ya kuisha.

Mpangilio, kwa kifupi

Kikanushi hukaa mara baada ya kisaidizi: "cannot be put off", "should not be thrown away". Neno la namna hukaa kabla ya umbo la tatu au mwisho kabisa: "must be carefully looked into", "must be looked into carefully". Mtenda, akitajwa, huja baada ya kineno: "The fire had to be put out by the neighbours." Usimwingize katikati ya put na out. Kanuni hiyo ndiyo ile ile ya moto ulizimwa na majirani: kitenzi kikamilike kwanza, ndipo na.

Katika kusema, sauti hupanda kwenye kineno pale kineno kinapobadilisha maana ya kitenzi: "called OFF", "handed IN", "turned DOWN". Kwa vile vinavyofanana na -i- yetu, sauti hubaki kwenye kitenzi: "LOOKED after", "DEALT with". Ukitamka "looked AFTER" kwa nguvu, msikilizaji atakuelewa, lakini atasita kidogo.

"Put off" dhidi ya "postpone": neno la nyumbani na neno la barua

Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kilikuwa lugha ya mahakama na watawala, na Kilatini kilikuwa lugha ya kanisa na wasomi. Maneno ya asili ya Kiingereza yalibaki jikoni na shambani. Ndiyo maana hadi leo tendo moja lina majina mawili. Put off na postpone. Call off na cancel. Hand in na submit. Turn down na reject. Look into na investigate. Do away with na abolish. Put up with na tolerate.

Kama unamwandikia mfanyakazi mwenzako, "The report must be handed in by Friday" inatosha na ina joto. Katika mkataba, barua ya ombi la visa au tasnifu, andika "must be submitted". Tofauti yake inakaribia ile ya kusema kazi ipelekwe na kazi iwasilishwe. Zote ni Kiswahili, lakini huziweki katika karatasi moja.

Wengi wetu huegemea upande mzito hata katika mazungumzo, kwa sababu shuleni tulijifunza Kiingereza cha vitabu kabla ya kile cha mdomo. Mgeni akifika mlangoni, "Your shoes must be removed" inasikika kama sauti ya askari. "Shoes have to be taken off here, sorry" ndiyo ya mwenyeji. Lakini ukutani, kwenye bango, "Shoes must be removed" haina ubaya wowote. Bango halina uso wa kutabasamu.

Usidhani pia kwamba kila jozi inalingana kikamilifu. "Your complaint will be looked into" ni ahadi nyepesi kuliko "will be investigated"; ya pili inaleta picha ya mafaili, mashahidi na ripoti. "Turned down" ni laini kuliko "rejected", na ndiyo maana anayemwambia rafiki kwamba ombi lake huenda likakataliwa atachagua "might be turned down". "Carried out" nayo imepanda cheo. Ingawa ni ya maneno mawili, inakubalika katika ripoti za utafiti na za kitabibu: "Tests should be carried out every 6 months" haina kasoro popote.

Kuna kitu kimoja ambacho neno la Kilatini hukupa na lile la nyumbani halikupi: maana moja. "Put off" ina maana mbili zinazogongana. Mkutano ukiwa "put off", umeahirishwa. Mtu akiwa "put off", amekatishwa hamu: "Customers may be put off by the smell." "Held up" ni kucheleweshwa, na pia ni kuporwa kwa silaha, "The bus may have been held up" inaweza kuwa foleni au majambazi. "Turned down" ni ombi lililokataliwa au redio iliyopunguzwa sauti. Mnyama akiwa "put down" na daktari wa mifugo, hajawekwa chini; ameuawa ili asiteseke. Kama sentensi yako itasomwa na mtu asiyeweza kukuuliza, na maana mbili zote zinawezekana, chukua postponed, delayed au rejected bila kusita.

Na msichanganye call off na put off. Mechi iliyo "called off" haipo tena siku hiyo, na huenda isipangwe upya. Iliyo "put off" inangoja tarehe nyingine. Mkuu wa shule akiandika "The sports day may be called off" akimaanisha itasogezwa wiki ijayo, wazazi watapangia watoto safari.

"May be put off" dhidi ya "they may put it off": nani anafanya?

Hapa ndipo chaguo linapogusa haki ya msomaji. Linganisha barua hizi mbili za kujibu malalamiko ya maji kukatwa:

"Your complaint will be looked into and the matter will be sorted out."

"Our technician will look into your complaint by Thursday. The cut-off notice will be called off today."

Barua ya kwanza ina vitenzi viwili vya kutendwa na haina mtu hata mmoja. Hakuna jina, hakuna siku, hakuna pa kurudi. Kiswahili kinafanya vivyo hivyo tukisema suala lako litashughulikiwa, na kila aliyewahi kungoja kwenye benchi la ofisi anajua linamaanisha nini. Barua ya pili imemtaja mtenda mahali anapohitajika, ikatumia kutendwa pale tu ambapo mtenda hana maana: anayefuta notisi ni ofisi ile ile, hakuna haja ya kumtaja.

Kanuni ya kuchagua ni rahisi. Msomaji akikosa mtenda atashindwa kufanya jambo fulani? Kama ndiyo, tumia kutenda. Kama kinachomhusu ni kitu chenyewe, fomu, viatu, taa, mtoto wa kulelewa, tumia kutendwa. "Children under 12 must be looked after by an adult" inawahusu watoto. Maelekezo ya usalama nayo ni hivyo hivyo: "The gas must be turned off at night", yeyote awaye atakayeizima.

Kutendwa kuna faida moja ya kimya ambayo wanafunzi hawaitumii vya kutosha. Katika kutenda, kwa vitenzi kama put off na hand in, kiwakilishi kama it au them lazima kikae katikati ya kitenzi na kineno: "put it off", "hand them in", kamwe si "put off it". Katika kutendwa tatizo hilo halipo: "It may be put off." "They must be handed in." Ukiwa huna uhakika it ikae wapi, geuza sentensi.

Kuhusu get: "may get put off", "might get thrown out" ni za mdomoni na za ujumbe wa simu, na mara nyingi hubeba hisia ya jambo baya au la ghafla. Katika barua ya kazi tumia be.

Kisaidizi kipi? Hapa pana gharama

Kiswahili kinasema unaweza kuahirishwa na kumaliza. Kiingereza kinakudai uchague: "can be put off" au "may be put off"? Kipimo ni hiki: jaribu kuweka huenda. Kama huenda ukaahirishwa inabeba maana yako, unakisia. Andika may au might. Kama unachosema ni kwamba hakuna kinachozuia, mkutano si wa lazima leo, andika can. "The meeting can be put off" inampa bosi ruhusa. "The meeting may be put off" inamwonya. Could husimama pande zote mbili. Might ni may yenye shaka kidogo zaidi, na katika mazungumzo wengi hawazitenganishi.

May ikikanushwa huleta utata. "Books may not be taken out" ni katazo. "The match may not be called off" inaweza kuwa huenda isifutwe. Ondoa utata kwa kuandika "must not be taken out" kwa katazo, na "might not be called off" kwa kukisia.

Kosa la hatari kuliko yote liko katika must. Kiswahili kina sentensi mbili zilizo mbali kama mbingu na ardhi: si lazima izimwe, na lazima isizimwe. Katika ya kwanza kikanushi kimeondoa ulazima. Katika ya pili kimeingia ndani ya kitenzi, na ulazima umebaki palepale. Mwanafunzi anatafsiri ya kwanza kipande kwa kipande, si ni not, lazima ni must, anapata "must not be switched off". Amesema kinyume. Must not ni marufuku, yaani isizimwe. Si lazima izimwe ni "does not have to be switched off" au "need not be switched off".

Fikiria friji ya chanjo, ambayo kwa chanjo nyingi inatakiwa kubaki kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Bango limeandikwa "This fridge must not be switched off". Mlinzi wa usiku anayelisoma kama si lazima izimwe ataona hakuna ubaya kuizima ili kupunguza umeme. Asubuhi chanjo zimeharibika, na kwa macho hazionyeshi. Bango kama hilo katika eneo letu liandikwe na Kiswahili chini yake: ISIZIMWE.

Katika sentensi zisizokanushwa, must na have to hukaribiana. Must ni amri ya anayesema au ya sheria iliyoandikwa. Have to ni ulazima uliotoka nje, hali ilivyo. Marekani hasa, mdomoni watu husema "has to be" au "needs to be", na must wanaiachia mabango na kanuni. Should ni ushauri. Usiandike "Fees should be paid in by Monday" kama asiyelipa atarudishwa nyumbani. Mzazi anayejua Kiingereza vizuri atasoma kwamba ni vyema, si kwamba ni sharti. Shall iache ndani ya mikataba.

Wakati uliopita una mtego wake. Ilibidi ifutwe ni "had to be called off". Lazima ilifutwa, kwa maana ya kukisia baada ya kukuta uwanja mtupu, ni "must have been called off". Ukizibadilisha, umegeuza habari kuwa dhana. Ilipaswa kufutwa, na haikufutwa, ni "should have been called off". Utaona pia wenyeji wa Kiingereza wakiandika "should of been" kwenye ujumbe, kwa sababu ndivyo have inavyosikika ikitamkwa haraka. Usiwaige. Ni kosa kwao pia.

Vitenzi vinavyokataa

Kutendwa kunahitaji mtendwa. Kitenzi kisicho naye hakigeuki, na hapa Kiswahili ni mwalimu mzuri ukikisikiliza. Sukari imekwisha, hatusemi imekwishwa. Kwa hiyo "The sugar may run out", kamwe si "may be run out". Ndege hupaa, kwa hiyo "The plane will take off at 6", ingawa viatu vinaweza "be taken off". Gari huharibika: "The car may break down". Ukiandika "The car may be broken down", msomaji anaweza kudhani gari litavunjwa vipande, kwa kuwa "be broken down" hutumika kwa vitu vinavyogawanywa, kama katika "The costs can be broken down by month".

Jozi inayokosewa sana ni ya malezi. Alikulia Tanga ni "grew up in Tanga". Alilelewa Tanga ni "was brought up in Tanga". "Was grown up" haipo. Ukitaka kusema mtoto anapaswa kulelewa na wazazi wote wawili, ni "A child should be brought up by both parents".

Take after, yaani kufanana na mzazi, hukataa pia japo kina kitu nyuma yake. Hatusemi "Her mother is taken after". Vya maneno matatu, kwa upande mwingine, hukubali mara nyingi, na hapo vineno viwili husimama mwishoni bila haya: "This law should be done away with." "She can be looked up to." Neno letu moja halivumiliki linahitaji maneno yao sita: "It can't be put up with."

Ukiwa na mtihani mbele yako

Maswali ya kuandika upya sentensi hupenda muundo huu kwa sababu unapima vipande vyote kwa pamoja. Katika mtihani wa Cambridge wa B2 First, sehemu ya 4 ya karatasi ya kusoma na matumizi ya lugha ina maswali 6 ya aina hiyo. Unapewa neno moja lisiloweza kubadilishwa, na jibu lako liwe na maneno 2 hadi 5, neno ulilopewa likiwemo. Ukipewa "They may cancel the match because of the rain" na neno OFF, jibu ni "may be called off", maneno 4. Vifupisho huhesabiwa kwa urefu wake: "shouldn't have been called off" ni maneno 6, si 5, kwa sababu shouldn't ni should na not. Can't peke yake huhesabiwa moja, kwani kirefu chake ni cannot. Katika C1 Advanced, mtihani wa Cambridge wa ngazi inayofuata, nafasi ni maneno 3 hadi 6, na hapo jibu hilo linaingia.

Kabla ya kuweka kalamu chini, rudi kwenye kila jibu na uhesabu vipande kwa kidole: kisaidizi kipo, be au have been ipo, umbo la tatu limekaa sawa, kineno hakijadondoka. Kisha sema sentensi yako kwa Kiswahili, na usikilize kama ulichoandika ni huenda, inaweza, si lazima au isi-.